Samli kwenye Plagi

Harufu ya maandazi ilianza walipoipita Amukura, wakitoka nyumbani Malaba. Benedetta, aliyekuwa kiti cha nyuma cha gari na kikapu cha unga wa wimbi kati ya miguu yake na jogoo aliyefungwa miguu ubavuni, alidhani kuna mwanamke anayekaanga kando ya barabara. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Mihogo, mtama, mwanamume anayesukuma baiskeli. Gari likaenda mbele kidogo, na harufu ikaenda nalo.

"Baba Amongin," alisema, "kuna kitu inaungua."

"Hakuna kitu inaungua," mumewe Opolot alijibu kwenye usukani bila kugeuka. "Hiyo ni gari inapumua."

Gari likapumua tena, likakohoa, likatikisika kiasi cha kumfanya jogoo alalamike. Benedetta alivuta pua kwa makini. Tangu aolewe kwenye boma la ng'ombe hajapata kukosea harufu ya samli yake mwenyewe. Hapo hapo akakumbuka chungu alichokikuta kimepungua juzi, na jinsi alivyomtukana paka asubuhi nzima.

"Samli yangu uliipeleka wapi?"

Opolot alibadilisha gia. Ndivyo alivyokuwa, akiulizwa jambo asilotaka kulijibu alibadilisha gia, na nyumbani, ambako hakuna gia, alikohoa.

"Niliweka kwa plagi," akasema mwishowe.

Ilikuwa hivi. Kizito, kijana wa Funyula aliyemwoa binti yao Amongin, alikuwa fundi wa magari pale Busia, na miezi michache nyuma alikuwa amempa mkewe ujumbe na kimkebe ampelekee baba yake. Ndani ya kimkebe kulikuwa na grisi nyeusi, nzito, yenye kumeta kama risasi ya penseli, aina wanayotembea nayo madereva wa malori ya masafa. Ujumbe ulisema kwamba kichwa cha injini ya mzee ni cha alumini na plagi ni za chuma, na vitu hivyo viwili vikikaa pamoja kwenye joto bila kupakwa chochote vinashikana kama vimechomelewa. Kwa hiyo mzee akifunga plagi mpya apake grisi hiyo kwenye meno yake, kidogo tu, na asikaze sana.

Opolot aliupokea ujumbe kama mtu aliyeambiwa ajifunze kuvaa suruali. Gari lake alilinunua mwaka ule wa kahawa ya magendo, alipokuwa akiwasaidia watu kuipokea upande huu wa mpaka, na hakuna kijana wa kupanda baiskeli angemfundisha kulitunza. Grisi aliipaka kwenye bawaba za geti. Lakini maneno ya Kizito yalikuwa yameshamwingia, kwa sababu gari lile alilipenda kwa hofu, na siku ya kufunga plagi mpya akajikuta amesimama jikoni akiwaza kwamba grisi ni mafuta, samli pia ni mafuta, na samli ilitoka kwa mke wake, si kwa mkwe. Akapaka kwa ukarimu. Kisha akaingiza bomba la maji kwenye mkono wa spana apate nguvu zaidi, akakaza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Ndivyo alivyokaza kila kitu, hata kifuniko cha chupa ya chai.

"Unajua tunaenda wapi," Benedetta alisema kutoka nyuma.

"Najua."

"Basi omba Mungu hiyo samli isituaibishe."

Walikuwa wanakwenda Funyula kumwona mjukuu wao wa kwanza. Haikuwa safari ya hivi hivi. Siku ya kuzungumza mahari, Opolot alikuwa ameuliza mbele ya wazee wote kama binti yake atabebwa kwenye keria ya baiskeli maisha yake yote. Watu wa Kizito walinyamaza, wakala, wakaondoka, na hawakusahau. Mtoto alizaliwa na mwaliko haukuja. Ulipokuja, Wilkista, mama yake Kizito, alisema chakula kitakuwa tayari Jumamosi saa sita, "kama wana nafasi." Benedetta aliyageuza maneno hayo matatu ya mwisho kichwani siku nyingi. Wasipofika, au wakifika jioni kama watu wa kupita njia, itaonekana bado wanawadharau watu wa Funyula, na hataalikwa tena mpaka mtoto aanze shule. Yeye alitaka kumshika akiwa bado wa kushikwa.

Kizito mwenyewe hangekuwepo. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawaonani uso kwa uso, iwe kwao Wateso, iwe kwa Wasamia wa Funyula; hawapeani mkono, hawali nyumba moja, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Benedetta alimjua kijana huyo kwa sauti kutoka nyuma ya ukuta na kwa mgongo kutoka mbali. Hata kwenye harusi kanisani alikaa nyuma ya nguzo. Kwa hiyo leo, ili mama mkwe aingie nyumbani kwake kwa raha, Kizito alikuwa ameondoka alfajiri na kwenda kukaa mbali naye kabisa, kwenye gereji yake mjini Busia.

Na ni mjini Busia gari lilipokata roho, mbele ya gereji hiyo.

*

"Si hapa," Benedetta alisema. "Baba Amongin, popote pengine, lakini si hapa."

"Mimi ndiyo nimechagua?"

Chini ya lori lililoegeshwa zilionekana buti mbili. Zikatoka, mwenyewe akafuata. Benedetta alivuta leso usoni mpaka kidevuni, akabaki gizani na harufu ya jogoo.

"Karibu mzee," sauti ilisema, kisha ikakatika. Kizito alikuwa ameiona leso. Aligeuka upesi hivi kwamba alijigonga kwenye madigadi ya lori, akasimama kidogo akijishika paji la uso, halafu akalijia gari kinyumenyume kama trela linalorudishwa. Alipapasa boneti, akaifungua, na boneti ikasimama kati yao kama ukuta. Wote wawili wakapumua.

"Mzee," alisema kutoka upande wa pili, "mlikuwa mnapika nini humu?"

"Wewe angalia tu," Opolot alisema.

Plagi tatu zilitoka zikilia, nyeusi kama sufuria ya jiko la kuni. Ya nne ilikataa. Opolot alikwenda nyuma ya gari akarudi na bomba lake.

"Hapana mzee, ngoja. Injini iko moto. Alumini ikiwa moto ni laini, ukivuta hivyo plagi itatoka na meno yote ya kichwa. Hapo huna gari tena, una banda ya kuku."

"Kijana, mimi nimefunga hii plagi kwa mkono yangu."

"Hiyo naona."

Opolot akavuta. Kulisikika mlio mdogo wa kitu kuvunjika, na kile kichwa cheupe cha plagi kikaruka, kikagonga bati, kikaanguka mtaroni.

"Nimeilegeza," Opolot akasema.

Kizito alisema kwa heshima kubwa kwamba sasa atamwagia mafuta ya taa pale kwenye shina la plagi, wangoje injini ipoe kabisa, na wakati huo labda mzee angetembea dukani kwa Emojong, upande wa pili wa soko, atafute plagi nyingine. Opolot hakungoja aambiwe mara ya pili. Aliondoka akitembea kama mwenye mali anayekagua mji, na nyuma yake akaacha ufunguo kwenye gari, mke wake ndani ya gari, na mkwe wake mbele ya gari.

*

Jua likapanda. Ndani ya gari kulikuwa kama ndani ya chungu, na kutoka haikuwezekana, maana kijana alikuwa pale pale nje. Benedetta alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mahali pa kwenda. Alimkasirikia mumewe, akaikasirikia samli, akamkasirikia hata paka, ambaye hakuwa na kosa.

Alisikia kitu kikikokotwa. Kizito alikuwa akija kinyumenyume tena, safari hii na turubai la lori, akalitupa juu ya paa la gari likateremka na kufunika madirisha. Kivuli kikaingia. Kisha kikombe cha bati kikawekwa chini karibu na mlango.

"Kuna maji hapa," Kizito aliliambia lori. "Kama kuna mtu ana kiu."

Benedetta alitoa mkono mmoja, akachukua, akanywa yote. Kukaa bila kushukuru kulikuwa ni utovu wa adabu, na kusema naye pia kulikuwa ni utovu wa adabu. Akamgeukia jogoo.

"Jogoo," alisema, "mwambie aliyeleta maji, asante."

Nyuma ya boneti spana iliwekwa chini.

"Jogoo," sauti ikajibu, "mwambie huyo mtu, asijali."

Wakakaa. Kizito aligusa injini kwa kiganja, akangoja, akagusa tena. Alipoona imepoa aliingiza spana ya plagi, akavuta kidogo, akarudisha, akavuta kidogo tena, akiilainisha kwa mafuta ya taa kila hatua. Benedetta alimsikia akiibembeleza plagi kwa Kisamia. Mwishowe kukasikika pumzi ndefu.

"Jogoo, sema imetoka. Na meno iko sawa. Lakini mle ndani samli imeungua imekuwa makapi, inatakiwa injini izungushwe iteme. Na mimi siwezi kuzungusha ufunguo kutoka hapa."

Jogoo hakusema kitu. Benedetta alimtazama kama anayetarajia msaada, kisha akakusanya nguo zake, akapanda kiti, akavuka kwenda mbele goti kwa goti, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu usichana. Akakaa kwenye usukani. Akazungusha ufunguo. Injini ikaguruma bila nguvu, na kutoka kwenye matundu yake manne ikatema masizi yote usoni mwa fundi.

"Jogoo," Kizito alisema baada ya kukohoa, "mwambie inatosha."

Benedetta alicheka mpaka leso ikateleza. Kicheko hicho kilimlegeza ulimi.

"Jogoo, mwambie ile mkebe yake ilifika. Mzee alipaka geti."

"Na geti inafunguka vizuri?"

"Haina kelele hata kidogo."

"Basi haikupotea," Kizito alisema, na alisema kwa upole hivi kwamba Benedetta akaona aibu kwa niaba ya nyumba yake yote.

*

Opolot alirudi na plagi mfukoni na habari za watu wote aliokutana nao. Alimkuta mkewe kwenye usukani, akashangaa, lakini aliambiwa asiulize. Benedetta akasogea kiti cha pembeni.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Boneti ilikuwa na uwazi mwembamba chini, na mtu aliyeinama kwenye injini akiinua macho angemwona aliyekaa mbele. Kizito alikuwa kijana aliyelelewa. Kwa hiyo akazifunga plagi, zile tatu na ile mpya, huku ameelekeza uso barabarani, akipapasa kama mtu anayekamua ng'ombe gizani, na bila kuacha kufundisha.

"Unaona mzee, hii grisi ni kidogo tu. Inaguswa kwa meno ya plagi, basi. Huku mwisho, mahali cheche inatoka, isifike kabisa. Halafu unafunga na vidole mpaka ikae, spana unavuta kidogo tu. Ikiwa na grisi inateleza, ukivuta kwa nguvu unapitisha kipimo."

"Naona," Opolot alisema, akitazama kwingine yeye pia, ili isionekane anafundishwa.

Akawasha. Injini ikaguruma, haikushika. Akawasha tena. Akawasha mpaka mguno ukawa mnong'ono, na mnong'ono ukaisha. Betri ikafa. Kizito alichomoa plagi moja, akaitazama sawasawa kwa mara ya kwanza. Ncha yake yote ilikuwa nyeusi kwa grisi. Akachomoa ya pili. Vivyo hivyo.

"Ni mimi, mzee," alisema taratibu. "Nilikuwa naangalia upande."

Uso wa Opolot ulifunguka kama dirisha. Tangu siku ya mahari hakuwahi kumpenda kijana huyu kama alivyompenda dakika hiyo.

"Ala, hata nyinyi mafundi," alisema, akampiga begani. "Usijali. Inatokea. Hata mimi ilinitokea."

Plagi zikaoshwa kwa petroli, zikakaushwa, zikafungwa upya. Kilichobaki ni kusukuma, na Busia siku ya soko haikosi vijana wa kusukuma. Kizito aliinua mkono kuwaita wale waliokuwa wamekaa juu ya magunia ng'ambo ya barabara. Kabla hajafungua kinywa, filimbi ikalia upande wa forodha, ishara waliyoingoja ya kuvusha mizigo. Vijana walisimama wote kwa pamoja, magunia yakapanda mabegani, na barabara ikawa tupu. Alibaki mama mmoja muuza samaki wa Osieko, kule ziwani, mwenye mguu mbovu, na mzee aliyelala.

Dereva alikuwa Opolot peke yake. Kizito alishika nyuma akasukuma mpaka buti zikachimba udongo wa murram. Gari halikusogea.

Benedetta alilitazama jua. Lilikuwa karibu juu ya kichwa. Aliona chakula kikiwekwa mezani, kikifunikwa, kikipoa. Aliona Wilkista akitazama njia na kusema si niliwaambia. Akafungua mlango.

"Mama Amongin, rudi ndani," Opolot alisema.

"Nani atasukuma? Jogoo?"

Alizunguka nyuma. Kizito akageuza uso kulia, Benedetta akageuza wake kushoto, wakaweka mikono kwenye buti la gari na kuanza. Gari likaenda upande, likatafuta mtaro. Watu wanaotazama pande mbili hawasukumi gari moja. Opolot alipiga kelele kutoka mbele kwamba wanampeleka Uganda. Hapo Benedetta akasema kimoyomoyo kwamba Mungu anaona anachokitafuta, akatazama mbele, na kijana naye akatazama mbele, na gari likashika njia. Likaenda, likaenda mbio, likaruka, likanguruma na kuwaponyoka. Wote wawili wakaanguka magoti na viganja chini, uso kwa uso.

Alikuwa mdogo kuliko alivyodhani. Masizi yalimjaa mpaka kwenye nyusi, masikio yalimsimama kama yanayosikiliza jambo, na shavu moja lilikuwa na kishimo. Walitazamana kwa muda ambao hakuna yeyote kati yao angeweza kuutetea mbele ya wazee.

"Pole, mama," Kizito alisema.

"Pole na wewe, baba," Benedetta alisema. Kisha akafunika uso, akakimbilia gari.

*

"Hakuna mtu ameona," Opolot alisema walipokuwa njiani. Gari lilikuwa likienda vizuri, na alikuwa akiliendesha kwa vidole viwili. "Huko tunasema mpakani palikuwa na msongamano. Wewe hujaona mtu. Wakijua, watasema watu wa Malaba hawana adabu hata sasa."

"Sijaona mtu," Benedetta alikubali.

Funyula walifika chakula kimeshapoa. Wilkista aliwapokea mlangoni kwa mkono wa baridi. "Tulijua mna kazi nyingi huko," alisema. Opolot akaeleza msongamano wa mpakani, na akaueleza zaidi ya ulivyohitaji. Benedetta alikaa pale alipoonyeshwa na mikono ameificha ndani ya leso, kwa sababu ilikuwa nyeusi. Chakula kililetwa kimya kimya. Hakuna aliyewahimiza kula.

Kisha Amongin akaingia na mtoto, akamweka mapajani mwa mama yake, na leso, mikono, msongamano wa mpakani, vyote vikamtoka Benedetta akilini. Alimwinua. Alimgeuza kwenye mwanga. Mtoto akamtazama kwa masikio yaliyosimama, akacheka, na shavu moja likaingia kishimo.

"Jameni," Benedetta alisema, "ni baba yake mtupu. Ona masikio. Ona na hii shimo ya shavu."

Amongin alimtazama mama yake. Opolot alitafuta gia, hapakuwa na gia, akakohoa.

"Mkwe," Wilkista alisema polepole, "masikio ya baba yake uliyaona wapi?"

Benedetta angeweza kusema aliambiwa. Angeweza kusema picha. Alimtazama mtoto, akaona hawezi kuanza naye kwa uongo.

"Niliyaona leo, Busia," alisema. "Gari yetu ilikufa kwa sababu ya ujinga wetu sisi. Kijana wenu alinifunika na jua, akanipa maji, akatengeneza, na ilipokataa tukaisukuma pamoja, mimi na yeye, tukaanguka. Nilimwona. Kama kuna mbuzi ya kulipa, nitalipa mimi. Lakini nilikuwa nataka kufika hapa."

Alifungua leso na kuwaonyesha mikono. Wilkista aliitazama ile mikono, akatazama magoti yaliyochubuka na murram iliyogandamana kwenye nguo ya sikukuu.

"Mlisukuma," alisema. "Wewe na Kizito."

"Haikusukumwa," Opolot akaingilia, maana jambo hili hakuweza kuliacha lipite. "Gari yangu haijawahi kusukumwa. Ilisindikizwa tu."

Wilkista alijaribu kujizuia. Alibana midomo, akatazama dari, halafu kicheko kikamshinda, akashika mwimo wa mlango, na nyumba nzima ikacheka naye. Alipopata pumzi alifuta macho kwa ncha ya kitambaa, akawageukia wasichana.

"Ondoeni hiki chakula," aliwaambia. "Kirudisheni jikoni kipashwe moto. Na mtafute ile kuku nyingine."

Ndipo Benedetta alipoona alichokifanya. Kwenye kigauni cheupe cha mtoto, mgongoni, vidole vyake vyote vilikuwa vimejiandika kwa grisi. Akasugua kwa leso, doa likaenea. Akaanza kuomba msamaha, lakini Wilkista alikuwa ameshakaa kando yake, bega kwa bega, akimshika mtoto mguu.

"Wacha," alisema. "Hapa kwetu hakuna nguo ambayo haina hiyo kitu."